Yangeyange wa Bahari ya Kusini

Watu wa hapa Rwamgasa wana shida moja. Wakisikia tu kwamba niliwahi kupanda meli, kila mtu anavuta kigoda chake, anataka kusikia habari za nyangumi na habari za Ulaya. Ulaya sikufika mimi. Nyangumi sikumwona hata mkia. Nilichokiona ni ndege, ndege asubuhi, ndege jioni, na hao ndege ndio walioniulia rafiki yangu Maduhu. Mkitaka kusikiliza, sikilizeni hiyo. Atakayecheka kabla sijacheka mimi, aende zake akachekee kwao.

Mimi Zamoyoni ni mtoto wa Shinyanga mjini. Mama yangu Bi Mwanne alikuwa akipika vitumbua karibu na stesheni, na kila aliyeshuka treni miaka ile alikula kwake, asiseme uongo. Maduhu alikuwa Msukuma wa Samuye, mchunga ng'ombe wa kweli, mtu ambaye hawezi kukusimulia hata harusi mpaka akueleze kwanza siku ile walikuwapo ng'ombe gani, wa rangi gani, na yupi alikuwa na mimba. Tulikutana Geita, mgodini kwa Wazungu, tukitoboa mwamba chini ya ardhi kwa mashine inayotikisa mtu mpaka meno. Vumbi la mwamba ule lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo. Tulilivuta kutwa, jioni tukalikohoa. Wengine tulilitema likaisha. Maduhu lilimkaa kifuani.

Kikohozi kilipomzidi, msimamizi akamwambia hakuna kazi tena. Kurudi Samuye hataki. Alikwisha kumwambia mkewe, jina lake Sikujua, kwamba akirudi atarudi na ng'ombe wa kuongeza zizini, na Msukuma akikwambia habari ya ng'ombe amekula kiapo. Basi nikamwambia twende Dar es Salaam kwa mjomba wangu. Mjomba akatupeleka bandarini kwa serangi mmoja, yaani kiranja wa mabaharia, mzee wa Kingazija aitwaye Sabiti, ambaye alikuwa akitafuta watu wa kutia makaa kwenye matanuri ya meli. Ilikuwa mwaka ule alipotawazwa Malkia wa Uingereza, bendera zimejaa mji mzima. Tuliambiwa meli inakwenda Durban na kurudi. Lo! Tulipofika Durban nahodha akapata amri nyingine, tukapakia mizigo ya Australia, tukaelekezwa kusini, huko ambako mimi nasema Mungu alikuwa bado hajamaliza kazi.

Mawimbi ya kule usiyafananishe na ya ziwa letu. Yanakuja makubwa kama vilima, moja nyuma ya jingine, na meli inapanda, inasimama juu kidogo kama inayofikiri, kisha inashuka na tumbo lako linabaki juu. Upepo haukatiki. Baridi inaingia kwenye mifupa na kukaa. Mimi nilitapika mpaka nikakumbuka vitumbua vya utotoni.

Maduhu hakutapika hata siku moja. Akimaliza zamu yake kwenye tanuri, anajifunga gunia mabegani, anakwenda kukaa tezini, nyuma kabisa ya meli, kutazama ndege.

Ndege wale walitushika tangu siku ya pili kutoka Durban na hawakutuacha. Walikuwapo wakubwa weupe, mabawa meusi kwenye ncha, marefu kuliko urefu wa mtu na mwenzake, na katika upepo ule wa kung'oa mabati walikuwa hawapigi bawa. Wanayanyoosha tu, wanateremka mpaka bondeni mwa wimbi, unasema huyo kamezwa, mara unamwona anapanda upande wa pili wala hakulowa. Walikuwapo na wadogo weusi, wengi, wakikimbiakimbia juu ya povu.

"Hawa ni nyange," Maduhu akaniambia. Kwao yangeyange wanamwita nyange, yule ndege mweupe afuataye ng'ombe malishoni ili ale panzi wanaorushwa na kwato. "Angalia, Mswahili. Meli ni ng'ombe. Inatifua maji, wao wanaokota."

"Ng'ombe gani wa chuma anakunya moshi?"

"Ninyi watu wa mjini ng'ombe mnamjua akiwa ndani ya sufuria tu." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, akajipinda mpaka paji la uso likagusa magoti.

Aliwapa majina, kama wanavyowapa ng'ombe wao. Mmoja mkubwa mwenye kovu kwenye mdomo alimwita kwa jina la fahali wa marehemu baba yake. Kila siku ananiuliza, fahali amekuja? Nami kila siku namtukana kidogo, namwambia amekuja, anakusalimu.

Siku moja akaanguka mbele ya tanuri, koleo mkononi. Tulimtoa nje, midomo imekuwa kama majivu. Nahodha akatoa dawa ya chupa, tukamweka kwenye kijichumba nyuma ya jiko la mpishi, ambako ukuta ulikuwa na joto. Mzee Sabiti akaweka sikio kwenye kifua chake, akasikiliza sana, kisha akaniita pembeni.

"Kifua kimejaa maji," akasema. "Asilale chali wala ubavu. Akae, mgongo ukutani, usiku na mchana. Akilala tu, maji yatapanda yatamziba. Umenisikia?"

Nilimsikia. Na Maduhu naye alisikia, maana masikio ya mchungaji hayana adabu. Akamwita mzee, akamwamkia kwa heshima zote, akamuuliza waziwazi, "Mzee wangu, mtu akifa humu melini mnamfanyaje?"

Mzee Sabiti hakuwa mtu wa kuzunguka. "Anashonwa kwenye turubai, anafungwa chuma miguuni, anatiwa majini."

"Na nchi kavu ikiwa karibu?"

"Ikiwa ni nchi ya kesho, nahodha husubiri. Ikiwa mbali, hasubiri."

Mzee akatoka. Ndipo Maduhu aliponieleza jambo ambalo mimi, pamoja na kukaa na Wasukuma maisha yangu yote, sikuwa nalijua sawasawa. Kwao Samuye mwenye mji akifa huzikwa ndani ya zizi lake. Anachimbiwa humo humo, ng'ombe wanaingizwa jioni ile ile, wanakanyaga mpaka kaburi linalingana na ardhi. Baba yake yumo, babu yake yumo. Siku ya tambiko wanaitwa kwa majina, na wanaoitwa ni waliomo zizini peke yao. Aliye nje haitwi. Anakuwa kama hakuzaliwa.

"Lakini dawa ipo," akasema. "Mtu akizikwa ugenini, aliyekuwa naye anachota konzi ya udongo wa lile kaburi, analeta nyumbani, unamwagwa zizini. Udongo na udongo wanajuana. Basi ahadi yangu na wewe ndiyo hiyo. Mimi nitajikaza mpaka nchi kavu, nchi yoyote ile, hata ya mashetani. Nikifika nitakufa. Wewe utachota konzi moja, utampelekea mama."

"Na ukifa huku nikachota maji kwenye chupa?" Nilisema hivyo kwa kutaka tucheke.

"Maji ya chumvi umwage zizini? Ng'ombe watanilamba wanimalize!"

Tukacheka wote wawili, wallahi, tukacheka mpaka mpishi akagonga ukuta. Kisha nikatoka nje nikalia mahali ambapo upepo unachukua kila kitu.

Tangu siku hiyo yule bwana alijikaza. Nimeona watu wagumu mgodini, nimeona mtu kabanwa na gogo la nguzo anaomba sigara, lakini kujikaza kama kule sijakuona. Alikaa mgongo ukutani. Alisinzia amekaa, kidevu kifuani, na kila shingo ilipolegea akashtuka akajiinua. Uji alikula kijiko kwa kijiko kama anayemeza misumari. Miguu ilimvimba ikawa kama mitungi. Nikimwambia pumzika, anajibu, "Nitapumzika huko zizini." Alichokiomba kwangu kilikuwa kimoja tu, nimtoe kila jioni akawaone ndege. Basi nambeba mgongoni kama mama na mwanawe, tunakwenda tezini tukiyumba, namfunga kwa kamba kwenye chuma asije akachukuliwa na maji, tunatazama.

Sikuelewa mwanzoni alikuwa anatafuta nini kwao. Nilidhani ni hamu ya kwao. Kumbe alikuwa kazini.

Tulipigwa na dhoruba siku kadhaa ambazo hatukuweza kutoka kabisa. Ilipotulia kidogo nikamtoa. Jua lilikuwa linashuka, jekundu, mbingu imefunguka upande mmoja. Ndege walikuwa wengi kuliko siku zote, na hawakuwa wanazungukazunguka. Wale weusi wadogo walikuwa wanapita chinichini kwa mistari mirefu, wote upande mmoja, mstari haukatiki, kama watu wanaotoka mnadani. Na wale wakubwa weupe nao wakageuka, fahali mwenyewe akageuka, wakafuata upande huo huo.

Maduhu akanishika mkono. Nguvu za mkono ule sijui zilitoka wapi.

"Unaona?"

"Naona ndege."

"Wanakwenda kulala! Zamoyoni, nyange wanakwenda kulala!" Akaanza kulia na kucheka pamoja. "Mwaka wa njaa baba alinipeleka na ng'ombe mbali sana, nyika tupu, ng'ombe wanaanguka kwa kiu. Akaniambia, usitazame chini, ngoja jioni utazame juu. Nyange wakienda wote upande mmoja jua linapozama, huko kuna miti, na penye miti ya kulala nyange pana maji na pana watu. Tukawafuata. Kabla ya giza kuingia vizuri ng'ombe walikuwa wanakunywa. Ndege halali hewani, Mswahili! Ndege ana kwao. Nchi iko pale!"

Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Nani kati yenu asingeamini? Hata kwenye ziwa letu, mvuvi akipotea anangoja jioni aone ndege wanaelekea wapi. Nilitazama upande ule mpaka nikaona mlima, tena nikauona una miti. Nilimkumbatia yule mtu pale pale kwenye kamba zake tukalia kama wajinga, maji ya bahari yanatupiga usoni.

Nilipomrudisha chumbani akaniambia, "Nilaze."

"Mzee Sabiti amekataza. Kaa hivyo hivyo, kesho tu hiyo."

"Kesho nchi iko hapa, wewe mwenyewe umeiona. Mgongo umekufa, Zamoyoni. Nataka kulala kama mtu."

"Kaa!" nikamfokea. Nikampangia magunia mgongoni, nikamfunika blanketi lake mpaka shingoni, nikamwambia nikirudi kutoka zamu nimkute vile vile. Akatikisa kichwa kukubali, anatabasamu. Kengele ya zamu ikalia nikashuka kwenye matanuri. Zamu ile nilitia makaa kama ninayelipwa kwa kila koleo, kwa furaha.

Asubuhi nilimkuta amelala. Aliyapanga yale magunia chini vizuri, akalala ubavu, mikono yote miwili chini ya shavu, blanketi limemfunika hadi sikioni. Uso ulikuwa umetulia. Nilimwita, nikamtikisa, nikamtukana kwa jina la mama yake, ambalo ni tusi ambalo kwa utani wetu ilikuwa lazima alijibu. Hakujibu.

Sikulia hapo, maana nilikuwa na haraka. Nchi ilikuwa karibu na ahadi ilikuwa bado inatimizika. Nilipanda ngazi mbio mpaka kwa mzee Sabiti, nikamwambia Maduhu amefariki, mwambie nahodha asubiri, nchi ni ya leo, jana tumeona.

"Mmeona nini?"

"Ndege. Wote walikwenda kulala upande ule."

Mzee alinitazama, nikaona uso wake unabadilika, na mpaka leo nautazama uso ule nikifumba macho. "Mwanangu," akasema, "nchi bado mbali. Safari bado ni ndefu kuliko tuliyoimaliza. Wale ndege walikuwa wanafuata samaki."

"Na kulala wanalala wapi?"

"Juu ya maji. Wale hawana kwao."

Nilikwenda kwa nahodha hata hivyo. Nilipiga magoti. Alivua kofia yake, akasema maneno ya upole ambayo mzee Sabiti alinitafsiria, na maana yake ilikuwa hapana. Wakaniomba nishone turubai mimi, kwa kuwa ni ndugu yangu. Nilishona. Blanketi nililitoa, maana nilikuwa nimeshikwa na wazo kwamba nisirudi kwa mama yake mikono mitupu. Chuma walifunga wao, hicho sikuweza. Nilimsomea Fatiha ingawa hakuwa Mwislamu, na asiyependa anune. Ubao aliolazwa ukainuliwa, akateleza, maji yakafunguka na kufunga, na meli haikupunguza hata mwendo.

Upepo ulikuwa umelegea asubuhi ile. Na pale pale alipoingia, wakateremka. Wale wakubwa weupe walikunja mabawa yao marefu, mmoja baada ya mwingine, wakakaa juu ya maji, wakatulia, mawimbi yakawa yanawapandisha na kuwashusha na wao wamezika mdomo mgongoni wanasinzia. Nilikimbia nikaleta karai la makaa. Niliwarushia kipande kwa kipande, nikipiga kelele, mkaende kwenu, mkaende kwenu, mpaka karai likaisha na wao wakabaki nyuma wadogo wadogo, weupe, hawana habari. Hakuna aliyenizuia. Mzee Sabiti alisimama tu kando yangu mpaka nilipomaliza.

Kurudi kulinichukua muda mrefu, kwa meli nyingine, kisha treni. Shinyanga mama yangu aliniambia kula kwanza. Nikamwambia sili mpaka nifike Samuye. Nikadandia lori tupu la pamba lililokuwa linakwenda Tinde, likaniteremsha njiani.

Mama yake Maduhu alikuwa anapepeta mtama. Nilipiga magoti, "Shikamoo, mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Akaitika marahaba, akatazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu. Aliingia ndani akaniletea maziwa kwenye kibuyu, akangoja ninywe mpaka mwisho, kwa sababu mgeni haombolezwi kabla hajanywa. Mkewe Sikujua akatoka na mtoto mgongoni, mtoto ambaye baba yake hakumwona. Baba mdogo wa Maduhu akaitwa. Ndipo nikasema.

Kilio cha pale sitakieleza. Mwenye kufiwa anakijua na asiyefiwa atakijua.

Walipotulia baba mdogo akaniuliza, "Umetuletea udongo?"

"Hapakuwa na udongo, baba. Ni maji." Nikatoa blanketi, nikaliweka mbele yake kwa mikono miwili. "Nimeleta hili. Alikufa amejifunika hili."

Wazee walibishana kutwa nzima. Mmoja alisema zizi halidanganywi kwa nguo. Mwingine alisema jasho la mtu ni mtu, na mtoto huyu mgongoni atakuja kumwita baba yake wapi? Mwishoni wakakubali. Likachimbwa shimo zizini, upande wa baba yake, blanketi likakunjwa likalazwa chini. Ng'ombe walikuwa nje ya mlango wanasukumana, wanataka kuingia. Mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu kule baharini. Nikasema moyoni, haya bwana, umefika, utaitwa.

Baba mdogo alikuwa ameshika jembe avute udongo wa kwanza, ndipo mama akaja. Alikuwa amekaa ndani na wanawake muda wote ule. Watu wakampisha.

"Zamoyoni."

"Naam, mayu."

"Maji yale ni ya baridi?"

Ningeweza kusema uongo. Ulimi ulikataa. "Ya baridi sana, mayu."

"Na kuogelea hajui," akasema. "Huku hakuna mto. Nani angemfundisha?"

Akashika ukingo wa shimo, yule bibi, akateremka mwenyewe. Baba mdogo alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Mama alilitoa blanketi, akalikung'uta udongo na samadi, akalikunja upya taratibu, kona kwa kona, kama anayelikunja kitandani. Akapanda nalo akaja mpaka nilipo, akaliweka mikononi mwangu.

"Wewe njia unaijua," akasema. "Mrudishie. Mwambie kwamba mama yake hakujua walimlaza kule hana cha kujifunika."

Shimo lilikuwa wazi, ng'ombe wanalia mlangoni, wazee wote wananitazama mimi. Nililishika lile blanketi.

"Ndiyo, mayu," nikamwambia. "Nitampelekea."